Nani Anataka Karanga?

Asubuhi ile tulikuwa kwenye shule moja ya Chapwa, pembeni ya mji wa Tunduma. Foleni ya watoto ilikuwa imetoka mlangoni mwa darasa la awali, ikazunguka hadi kwenye tangi la maji. Mwalimu mkuu akapita, akamwona mjukuu wangu Atupele amesimama katikati ya wenzake, soksi moja imeshuka.

"Mzee Yona, huyu si wa kwako?" akaniuliza. "Mpime wewe mwenyewe basi, foleni isogee."

Nikasema sawa.

Nilipaswa kukataa. Sababu ya kukataa niliijua, na nilikuwa nimeifundisha kwa watu wengine kwa miaka mingi. Nilisema sawa kwa kuwa jua lilikuwa linapanda. Na niseme ukweli wote: nilitaka pia watu waone jinsi mjukuu wangu alivyo hodari.

Ninyi vijana mnaoingia kwenye kazi ya kupima makuzi ya watoto kabla hawajaanza shule mmeniomba niandike ninayoyakumbuka. Nitaandika. Jambo la Atupele nitalirudia, maana nikilimwaga lote hapa mwanzoni mtadhani kazi hii ni ya huzuni. Si ya huzuni hata kidogo. Sijacheka mahali pengine popote kama nilivyocheka nikiwa nimekaa kwenye kigoda mbele ya mtoto wa miaka mitano.

Wakati wetu sisi, kipimo cha kuanza shule kilikuwa kimoja. Unapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa; vidole vikigusa sikio la kushoto, umefikia umri. Mimi nilirudishwa nyumbani miaka miwili mfululizo. Nilikuwa na kichwa kikubwa, kama mnavyokiona hata leo, na mikono mifupi. Mwaka wa tatu shangazi yangu akaniambia njiani, "Ukifika pale inamisha shingo, mjinga wewe. Mkono ukishindwa kulifuata sikio, sikio liufuate mkono." Nikainamisha, nikagusa, nikaandikishwa. Wenzangu wa darasa la kwanza walinifikia kwapani.

Niliingia kwenye kazi yenyewe kwa bahati. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapata kibarua cha kuandika kadi za kliniki ya watoto. Aliyeisimamia ni Nesi Tabitha, mama mfupi wa Kinyiha ambaye hakuwahi kupaza sauti, na kila mtu alimwogopa. Siku moja nilikuwa namning'iniza mtoto kwenye mizani, akanikojolea suruali yote. Mimi nikaendelea kusoma kilo na kuziandika. Nesi Tabitha alicheka mpaka akashika meza.

"Huyu nitamchukua," akawaambia wenzake. "Mwanaume asiyekimbia mkojo ni wa kutunza."

Basi nikawa wa kumbebea sanduku. Lilikuwa sanduku la bati, yale ya wanafunzi wa bweni, na ndani yake mlikuwa na vizibo vya soda kumi, ufunguo, kijiko, kikombe cha plastiki, kamba ya kiatu na shanga kubwa za mbao, mpira wa matambara, kitabu cha picha na kopo la karanga za kukaanga. Kwa vitu hivyo Nesi Tabitha alikuwa anaweza kukwambia habari za mtoto ambazo mama yake hakuzijua. Alimwambia mtoto ahesabu vizibo, atunge shanga, asimame kwa mguu mmoja, achore mtu. Alimpa maagizo mawili kwa mpigo: chukua ufunguo, uuweke chini ya kikombe. Hakuwa anatafuta wa kufukuza. Alisema tunapima ili mwalimu ajue anampokea nani, na wa kupelekwa hospitali apelekwe mapema.

Karanga zilikuwa za mwisho. Mtoto akiwa ameshughulika na kitabu cha picha, Nesi Tabitha alisimama nyuma yake, hatua moja na nusu, akanong'ona kama mtu anayeongea na jirani wakati wa ibada: "Nani anataka karanga?" Mtoto anayesikia aligeuka mkono umeshakunjuliwa. Asiyegeuka aliitwa mara ya pili, halafu ya tatu, kisha aliandikiwa barua ya kwenda kuangaliwa masikio. Karanga walipewa wote, waliogeuka na wasiogeuka.

Makosa yangu ya mwanzo yangejaza daftari. Nitawapa moja. Tulikwenda Igamba, kwa wakulima wa kahawa, na Nesi Tabitha akaniachia meza yangu peke yangu kwa mara ya kwanza. Fomu ilitaka tuone mtoto anapendelea mkono gani. Nikachukua kizibo, nikampa mtoto wa kwanza. Akapiga goti, akapokea kwa mikono miwili. Wa pili, goti, mikono miwili. Nikaenda hivyo mpaka saa saba mchana, nikaandika kwa mwandiko mzuri kwenye kila fomu: hajachagua mkono.

Nesi Tabitha akazipitia fomu zangu huku anakula hindi la kuchoma.

"Yona, Igamba nzima haina mtoto mwenye mkono?"

"Ndivyo walivyofanya, mama. Nimeandika nilichoona."

"Kwenu, mtoto akipokea kitu cha mkubwa kwa mkono mmoja anafanywaje?"

"Anachapwa."

"Basi umepima adabu, na wote wamefaulu. Kesho tutarudia. Kizibo usimpe. Kiweke chini, halafu ujifanye unafunga kamba ya kiatu. Mtoto hapigi magoti kukiokota kitu ambacho hakuna mkubwa anayekiangalia."

Kesho yake nilifunga kamba za viatu mpaka mgongo ukauma. Wenye kutumia kulia wakaonekana, wa kushoto wakaonekana. Tangu hapo, kila nilipoona jibu lilelile kwa watoto wote, sikuwalaumu watoto. Niliangalia kwanza nilikuwa nimekaaje na nimeshika nini.

Tunduma mambo yalikuwa mengine. Watoto wa mpakani wamezaliwa na malori barabarani, yamepanga foleni ya kuvuka kwenda Zambia. Mtoto mmoja nilimwambia achore mtu. Akachora lori refu, limejaa karatasi yote, likaendelea mpaka mezani.

"Kazi nzuri," nikamwambia. "Sasa mtu yuko wapi?"

"Yuko ndani."

"Mbona simwoni?"

"Amelala, babu. Anasubiri kuvuka."

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi na Eliza, mwalimu wa awali, kijana, mwepesi kuliko mimi kwa kila kitu. Nilitaka kuandika kwamba mtoto hakuchora mtu. Eliza akaivuta karatasi, akahesabu matairi kwa ncha ya kalamu. "Mzee Yona, ishirini na mawili. Wewe ungechora lori ukakumbuka matairi yote? Mwambie amchore dereva akiamka." Nikamwambia. Dereva akaamka, akachorwa na vidole, masikio na kofia.

Mwingine nilimwuliza anakaa wapi. Akasema, "Nalala Zambia, nasoma huku." Nikamwuliza, sasa wewe ni wa wapi? Akaniangalia kwa huruma kama naumwa. "Wa mama," akasema. Kwenye fomu hapakuwa na nafasi ya kuandika jibu zuri namna hiyo, nikaliandika pembeni.

Wazazi nao ni somo. Mzazi hawezi kukaa akamwangalia mtoto wake anaulizwa swali bila kusaidia. Atatikisa kichwa, atanyanyua nyusi, atatingisha mguu. Akina mama Nesi Tabitha aliwapa ungo wa maharage wachambue mawe, na alikuwa anayatia mawe mwenyewe asubuhi, ili kazi isiishe. Mikono na macho vikawa kwenye ungo. Akina baba ungo waliukataa. Kule Chitete, baba mmoja alikaa nyuma yangu ametulia kama mtu wa heshima. Nikamwuliza mwanawe, vizibo hivi ni vingapi? Baba akakohoa. Akakohoa tena, na tena. Nikageuka, nikamwambia, "Baba, punguza. Kikohozi chako kimefika sita na vizibo ni vitano." Watu walicheka mpaka yeye mwenyewe akaenda kukaa kwenye kivuli cha gari.

Chitete hiyohiyo ndiko nilikojifunza dawa ya mtoto asiyesema. Tulifika tumetikiswa na barabara mpaka meno, na mtoto wa kwanza akaamua kunyamaza. Nilimsalimia, kimya. Nilimchekesha, kimya. Mama yake akaanza kuona aibu, akanyanyua mkono. Nikamzuia. Nikashuka kwenye kigoda, nikakaa chini kwenye vumbi, nikaanza kuhesabu vizibo peke yangu kwa sauti, bila kumwangalia. "Moja. Mbili. Tano. Tisa." Midomo yake ikaanza kucheza. Nikarudia: "Moja, mbili, tano." Akashindwa kuvumilia.

"We babu! Tatu!"

"Aa, samahani. Moja, mbili, tatu, nane."

"Nne! Hujui kitu wewe!"

Akaninyang'anya vizibo, akanifundisha mpaka kumi. Kosea makusudi, vijana. Mtoto anaweza kuukataa upole wako na pipi yako, lakini hawezi kumwacha mtu mzima na kosa.

Siku hizi mna vishikwambi. Eliza, ambaye sasa ndiye anayewafundisha ninyi, alinionyesha kimoja. Unagusa kioo, swali linatokea, matokeo yanakwenda mbele bila mtu kubeba fomu kwenye mvua. Nimekipenda. Kinakataa kwenda ukurasa wa pili kama hujajaza wa kwanza, na hilo peke yake lingenisaidia sana wakati wangu. Lakini kishikwambi hakijui kama umesimama mbele ya mtoto au nyuma yake. Hilo ni lako.

Nesi Tabitha alikuwa na sheria moja ambayo hakuwahi kuilegeza. Wa damu yako humpimi. Si mwanao, si mjukuu, si mtoto wa dada. "Mimi nilimpima mtoto wa mdogo wangu," aliniambia tulipokuwa tunarudi kutoka Igamba. "Kila alipoacha nafasi, nilijaza mimi. Sikudanganya. Nilikuwa namjua tu. Ukimjua mtoto humwoni tena, Yona." Nilimwitikia. Sheria hiyo nimeifundisha kwa wapimaji wengi, naye Eliza akiwa mmoja wao.

Sasa Atupele.

Binti yangu Lusia alikuwa anafanya biashara ya vitenge, leo Tunduma, kesho upande wa pili, wiki ijayo mbali huko ndani ya Zambia. Mke wangu alikuwa ameshatangulia mbele za Mungu. Lusia akaniletea mtoto akiwa na miaka miwili na kitu. "Baba, wewe watoto ndiyo kazi yako," akasema. Nyumba yangu ikafufuka. Nami sanduku nilikuwa nalilaza nyumbani, kwa sababu paa la ofisi lilikuwa linavuja juu ya kabati.

Mnaona ninakokwenda. Sanduku la kupimia watoto lilikuwa ndilo kabati la midoli la mjukuu wangu. Kabla hajafika miaka minne alikuwa ametunga zile shanga mara nyingi kuliko mtoto yeyote wa mkoa huu. Alijua ukikuta ufunguo na kikombe pamoja, ufunguo unakwenda chini ya kikombe. Alikuwa ananikalisha kwenye kigoda ananipima mimi. Ananinyooshea kidole mguu. Nasimama kwa mguu mmoja, nayumba, naanguka kwenye mkeka, naye anaandika alama ya kukosa kwenye karatasi, kwa ukali kabisa, kama Nesi Tabitha. Majirani walikuwa wanakuja kutazama.

Na mchezo wa karanga aliupenda kuliko yote. Nikizunguka nyuma yake, yeye anatulia kidogo, anatabasamu, kisha anageuka na mkono wazi. Sikuwahi kujiuliza anageuka kwa sababu gani. Nilimpa karanga.

Masikio yake yalikuwa yanatoa maji. Asubuhi nyingine nilikuta doa la njano kwenye mto. Nilifuta kwa pamba nikasema ni mafua, Tunduma ina vumbi na baridi. Aliongea maneno machache, lakini nilimwelewa yote, kwa hiyo nikaona yanatosha. Alikuwa anapenda kukaa mapajani kwangu akinitazama mdomo ninapoongea. Niliona ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi pia.

Basi asubuhi ile ya Chapwa, mwalimu mkuu akasema mpime mwenyewe, nikasema sawa. Eliza alikuwa meza ya pili. Akanyanyua kichwa.

"Mzee Yona, mlete kwangu. Nikimaliza huyu tu."

"Aa, Eliza, huyu ni dakika mbili."

"Si wewe uliyetufundisha?"

"Foleni, mama. Angalia foleni."

Kweli ilikuwa dakika mbili. Vizibo, kumi, bila kukosa. Shanga, vidole vinaruka. Ufunguo chini ya kikombe kabla sijamaliza sentensi. Walimu wawili waliacha chai yao wakaja kusimama dirishani. Nikajisikia mrefu. Mwishoni nikampa kitabu cha picha, nikazunguka nyuma yake. Jua la asubuhi lilikuwa mgongoni kwangu, kivuli changu kikaangukia kitabu. Nilikuwa bado navuta pumzi ya kunong'ona. Atupele akageuka, akatabasamu, akanyoosha mkono.

Walimu wakapiga makofi.

"Mzee," Eliza akasema kwa sauti ya chini, "amegeuka hujasema kitu."

"Huyu ana akili," nikamjibu. "Anajua kabla."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikaweka alama ya vyema kwenye mstari wa kusikia, nikatia sahihi. Eliza hakucheka. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri na kwa kazi, akarudi kwenye meza yake. Simlaumu. Lawama yote ina jina langu chini yake, kwa wino.

Darasani Atupele alikaa nyuma, kwa sababu fomu yangu ilisema hana shida yoyote. Mwaka wa kwanza mwalimu aliniambia ni mtaratibu. Mwaka wa pili aliniambia ni mkaidi. "Mzee Yona, mjukuu wako ana dharau. Namwita, hageuki. Wenzake wakisimama, anasimama, wakikaa, anakaa, nikimwuliza yeye peke yake, ananitazama tu." Nikamgombeza nyumbani, mimi, niliyekuwa nimewaandikia watoto wa watu barua za kwenda hospitali kwa dalili hizohizo. Nilimgombeza nikiwa nimemwangalia usoni, na yeye akitazama mdomo wangu, akaitikia kwa kichwa. Nikaona amenielewa.

Aliyegundua ni Nesi Tabitha. Alikuwa ameshastaafu, anatembea kwa fimbo. Alikuja kunisalimia, tukakaa uani tunapukuchua mahindi. Atupele alikuwa ametupa mgongo, anapanga magunzi. Bibi yule aliacha kupukuchua. Hakusogea, hakutoa kivuli. Akasema kwa sauti yake ileile ya kanisani, "Nani anataka karanga?"

Magunzi yakaendelea kupangwa.

Akasema mara ya pili, kwa sauti zaidi. Halafu mara ya tatu kwa sauti kubwa hata jirani akaitikia ng'ambo ya ua, "Mimi hapa, bibi, lete!"

Atupele hakugeuka. Nesi Tabitha akanigeukia.

"Yona. Huyu alipimwa na nani?"

"Na mimi."

Hakunikaripia. Aliokota hindi lake, akaendelea kupukuchua. "Kesho asubuhi na mapema, hospitali," akasema. "Na sanduku litoke humu ndani."

Daktari alikuwa kijana mpole. Alituambia ugonjwa ulikuwa wa siku nyingi. Sikio la kushoto lilikuwa na uhai bado, wangeliokoa kwa dawa na kwa kifaa. La kulia lilikuwa limeliwa ndani. Nikamwuliza, kama ningemleta miaka miwili nyuma? Akainamia karatasi yake. "Wakati ule lingetibika kwa dawa tu, mzee," akasema.

Lusia alirudi kutoka safarini siku ya tatu. Alinikuta mlangoni, akaniamkia shikamoo kama kawaida, akaingia ndani kukunja nguo za mtoto. Nikamweleza kila kitu, pamoja na kile kivuli, kwa kuwa mtu mwingine asingeweza kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Baba," akasema, "dunia nzima wewe ulikuwa na kazi hiyo moja."

Hajawahi kuniambia neno lingine baya, hata leo.

Msinihurumie mno, maana Atupele mwenyewe hataki. Yuko darasa la sita kwenye shule ya bweni yenye walimu wanaojua kufundisha watoto kama yeye. Ana kifaa kwenye sikio la kushoto, na mikono yake inaongea haraka kuliko midomo ya wauza nyanya wa sokoni. Hunitumia video kwenye simu. Mimi najifunza lugha yake ya alama kwa vidole hivi vya kizee, namrudishia. Juzi nilitaka kumwambia nimekula ugali na maharage. Akanirudishia video nyingine akicheka mpaka anakaa chini: nilikuwa nimemwambia nimemla mwalimu. Kisha akachukua karatasi, akaniwekea alama ya kukosa, kwa ukali uleule.

Eliza, kwa upande wake, aliweka utaratibu ambao ninyi mnaukuta kama vile umekuwapo siku zote. Sanduku linalala ofisini, chini ya kufuli. Maneno ya karanga husemwa na mpimaji aliyesimama ambako jua haliwezi kumtangaza. Na mtoto wa mpimaji hupelekwa meza nyingine, hata kama foleni imefika Zambia. Akiwa mdogo wenu kazini ndiye anayewakumbusha, mshukuruni na mumpe kiti chenu.

Sasa nimalizie nilipoanzia. Nilisema sawa ili foleni isogee, nayo ikasogea mtoto mmoja. Neno hilo lilimgharimu mjukuu wangu sikio la kulia, ambalo mwaka ule lingepona kwa dawa, na miaka miwili ya kukaa nyuma ya darasa akiitwa mkaidi. Mimi lilinigharimu binti yangu. Anapiga simu kila Jumapili, Krismasi huniletea shati, na amezaa watoto wengine wawili. Hajawahi kuniachia hata mmoja wao, hata kwa siku moja.